Kihariri Kilichomkataa Msimamizi

Toleo la Ubuntu 17.10 lilipotoka Oktoba 2017, watu waliotumia Linux kwa miaka mingi walikumbana na jambo wasilolizoea. Waliandika kwenye terminali amri ileile ya siku zote, sudo gedit /etc/fstab, wakaingiza nywila, nywila ikakubaliwa, na dirisha la kihariri halikufunguka. Terminali ilijibu kwamba muunganisho umekataliwa na onyesho halifunguki. Wenzao wa Fedora walikuwa wameshaonja hayo tangu Novemba 2016, toleo la 25 lilipotoka. Watumiaji wa mazingira ya KDE nao, mwaka huohuo wa 2017, walikuta kihariri cha Kate kimewekewa makusudi ujumbe wa kukataa kuendeshwa na root. Malalamiko yalifanana kila mahali: kompyuta ni yangu, nywila ni sahihi, kwa nini nikataliwe na programu ya kuandikia? Swali lenyewe ni la haki, ila jibu lake haliko mwaka 2017. Liko katika uamuzi wa miaka ya mwanzo ya 1970, pale ilipoamuliwa kwamba mamlaka ndani ya kompyuta yafungwe kwa mtu, yasifungwe kwa kazi anayotaka kuifanya. Kihariri kilichokataa kufunguka kilisimama upande ulio sawa, na historia ya zana zenyewe inathibitisha hivyo, ingawa waliokifundisha kukataa hawakuwatendea wema watumiaji wao.

Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko New Jersey, mikononi mwa Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Katika mfumo huo kila faili lina mwenyewe, na kila programu inayoendeshwa hubeba namba ya mtu aliyeiita. Mwenye namba sifuri, yaani root, hahojiwi: kiini cha mfumo kikiiona namba hiyo huruka ukaguzi wa ruhusa za mafaili. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Novemba 1971, tayari una amri ya su, inayomgeuza mtu wa kawaida kuwa root akiijua nywila. Mpango huo ulikuwa mwepesi kueleweka na uliwatosha wachache waliotumia mashine zile. Ila kulikuwa na kazi ambazo mtu wa kawaida alistahili kuzifanya na mfumo haukumruhusu. Kwa mfano, kubadili nywila yake mwenyewe kulihitaji kuandika ndani ya faili la root. Ritchie alitatua hilo kwa alama ndogo, setuid, inayowekwa kwenye faili la programu ili programu hiyo iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye faili badala ya mamlaka ya aliyeiita. Ombi la hataza liliwasilishwa 1973, hataza ikatolewa 1979. Wazo lilikuwa la kijanja na bado linatumika, lakini ndani yake mna chanzo cha taabu iliyofuata. Setuid haitoi ruhusa ya kubadili mstari mmoja wa nywila. Inaikabidhi programu nzima mamlaka yote ya root, kisha inaitegemea programu yenyewe ijizuie, kama mtu anayekabidhiwa funguo zote za ghala kwa sababu amekuja kuchukua kibaba kimoja cha mchele. Wakati ule hofu ilikuwa ndogo. Kihariri cha Thompson, ed, hakikuwa na dirisha wala menyu wala programu-jalizi. Kilisoma herufi kutoka teletype moja, kikaandika faili, kikatoka. Kukiendesha kama root kulikuwa na hatari ndogo kwa sababu chenyewe kilikuwa kidogo.

Kanuni iliyotakiwa kuongoza mambo haya ilijulikana mapema. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa MIT walichapisha makala kuhusu ulinzi wa taarifa ndani ya kompyuta, na humo wakaandika kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa mamlaka machache kabisa yanayotosha kuikamilisha kazi hiyo. Hatua ya kwanza kubwa kuelekea huko katika ulimwengu wa Unix ilitoka Buffalo, jimbo la New York. Yapata mwaka 1980, Bob Coggeshall na Cliff Spencer wa idara ya sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu cha jimbo huko waliandika sudo kwenye mashine ya VAX-11/750. Badala ya kuwagawia watu nywila ya root, msimamizi aliandika katika faili moja nani aruhusiwe amri gani, na kila alichofanya mtu kiliweza kuwekwa kwenye kumbukumbu. Mamlaka yalikuwa yamepungua kutoka mtu mzima hadi amri moja. Hapo ndipo vihariri vilipoonekana kuwa tatizo la pekee. Ndani ya vi, kihariri cha Bill Joy, mtu huandika nukta mbili, alama ya mshangao na jina la amri, na amri hiyo huendeshwa papo hapo. Kwa hiyo msimamizi aliyemruhusu mfanyakazi ahariri faili moja kwa sudo vi alikuwa amempa mashine nzima bila kukusudia. Amri nyingine huanza na kumalizika mahali panapojulikana, ila kihariri ni mlango wa kuingilia popote.

Waliotunza sudo walitambua hilo, na jibu lao likawa sudoedit, iliyoingia katika toleo la 1.6.8 la mwaka 2004. Inafaa kutazama inavyofanya kazi, maana hoja yote imo humo. Mtu akiandika sudoedit /etc/fstab, programu ya sudo husoma faili kwa mamlaka ya root na kutengeneza nakala ya muda ambayo mwenyewe ni mtumiaji wa kawaida. Kisha huvua mamlaka na kufungua kihariri anachokipenda mtumiaji, kwa namba yake mwenyewe, kikiwa na mipangilio yake, rangi zake na programu-jalizi zake. Mtumiaji akihifadhi na kufunga, sudo hulinganisha. Kama nakala imebadilika, huirudisha mahali pake kwa mamlaka ya root. Root alihitajika mwanzoni na mwishoni, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Saa nzima ya kufikiri, kufuta na kuandika upya ilipita mikononi mwa mtu wa kawaida. Kwa maneno mengine, miaka kumi na mitatu kabla ya malalamiko ya 2017, njia sahihi ya kufanya kazi ileile ilikuwa imeshajengwa. Kwa nini basi mamilioni ya watu hawakuijua?

Kwa sababu madirisha yaliingia katikati. Mfumo wa X, ulioanza MIT mwaka 1984 na kufikia toleo la 11 mwaka 1987, uligawa kazi mara mbili: seva inayomiliki skrini, kibodi na kipanya, na programu zinazoiomba seva izichoree madirisha. Ili seva ijue nani wa kumkubali, kulibuniwa kuki, namba ya siri ya biti 128 inayokaa ndani ya faili liitwalo .Xauthority katika folda la mtumiaji. Anayeiwasilisha huingia. Na akishaingia, huaminiwa kabisa: programu yoyote iliyounganishwa na seva ya X inaweza kusoma vitufe vinavyobonyezwa kwenye dirisha la programu nyingine, na inaweza kulitumia dirisha hilo vitufe vya bandia. Sasa fikiria kihariri cha Kate, ambacho kina terminali ndani yake, kimefunguliwa kwa sudo juu ya skrini ya mtu wa kawaida. Programu yoyote duni inayoendeshwa na mtu huyo, hata ile aliyoipakua jana, inaweza kutuma vitufe kwenye terminali hiyo na kuamrisha kama root. Hii ndiyo hoja aliyoitoa Martin Gräßlin wa KDE mwaka 2017 alipoeleza kwa nini Kate imefungiwa root, na hadi leo haijapata jibu la kiufundi. Waundaji wa GTK, maktaba iliyotumika kuijenga gedit, walikuwa wameshasema mwaka 2001 kwamba maktaba yao haikukusudiwa kutumika katika programu za setuid. Programu ya namna hiyo ikijaribu kufunguka, GTK huikatalia. Msimbo wa madirisha ni mwingi mno, na hupokea picha, fonti, mandhari na programu-jalizi kutoka kila upande. Hakuna anayeweza kuukagua wote na kuuapia.

Hata hivyo mazoea yalikwenda kinyume. Ubuntu ilipotoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ilifunga akaunti ya root na kumpa mtumiaji wa kwanza sudo. Uamuzi huo ulikuwa mwema kwa wageni, lakini wageni hao hawakuijua vi, na waliotaka kuwasaidia walichagua njia ya mkato: kila mwongozo ulisema andika sudo gedit, au gksudo gedit, kisha badilisha mstari fulani. Gksu, yenye amri hiyo ya gksudo, ilikuwepo ili kuzuia tatizo maalumu, na tatizo hilo linastahili kukumbukwa. Sudo ya Ubuntu wakati huo ilimfanya mtu kuwa root huku ikibaki na folda la nyumbani la mtumiaji. Programu ya madirisha iliyofunguliwa kwa sudo iliandika mipangilio yake humo, na kila ilichokiandika kilikuwa mali ya root. Siku ya pili mtu anawasha kompyuta, anaingiza nywila yake kwenye ukurasa wa kuingilia, skrini inazimika kidogo, kisha ukurasa uleule unarudi. Nywila ni sahihi. Kilichotokea ni kwamba .Xauthority au .ICEauthority imegeuka mali ya root, na mtu wa kawaida hawezi tena kuandika ndani ya faili lake. Wengi waliweka mfumo upya, wakipoteza siku nzima na pengine kazi zao, kwa kosa linalorekebishwa na amri moja ya chown. Hakukuwa na mvamizi wala virusi. Madhara hayo yalitokana na mamlaka makubwa kupewa kazi ndogo, na walioumia zaidi walikuwa wale walioelekezwa vibaya. Ubuntu ilibadili tabia hiyo ya sudo katika toleo la 19.10, miaka kumi na mitano baada ya kuanza.

Kisha ikaja Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 ili kuchukua nafasi ya X. Humo programu haiwezi kusikiliza vitufe vya jirani yake. Fedora 25 na Ubuntu 17.10 ziliifanya kuwa chaguo la kwanza katika mazingira ya GNOME, na hapo sudo gedit ikagonga ukuta. Mlolongo wake ulikuwa hivi. Sudo husafisha mazingira, kwa hiyo gedit ya root haikupata anwani ya Wayland ya mtumiaji. Ikajaribu njia ya zamani, kupitia Xwayland, seva ya X inayowekwa kwa ajili ya programu za kale. Lakini Xwayland ya GNOME haikuwa na kuki ya kusomwa na root. Ilimwuliza kila anayebisha hodi namba yake, na ikamkubali mmoja tu, mwenye kikao. Root alifika na namba sifuri, namba ambayo kiini huifungulia kila faili, akaambiwa hayumo kwenye orodha. Programu nyingine za usimamizi, kama GParted na Synaptic, zilikwama palepale. Dawa iliyoenea mitaani ilikuwa xhost +si:localuser:root, amri inayoongeza jina la root kwenye orodha hiyo. Inafanya kazi, na inarudisha hatari ileile kwa programu zote za X zilizo kwenye skrini hiyo.

Mpinzani makini atasimama hapa na kusema kwamba hii haikuwa sera ya usalama hata kidogo, ilikuwa ajali ya utekelezaji, na ushahidi wake upo: GNOME 3.34, ya Septemba 2019, iliipa Xwayland kuki yake, na programu za X zikaweza tena kufunguliwa kwa sudo. Ni kweli, na historia isifichwe. Lakini ajali hiyo haibatilishi hoja. Mabadiliko ya 2019 yaliziokoa programu kama GParted, ambazo zilikuwa hazijagawanywa katika sehemu ya dirisha na sehemu ya kazi. Hayakuondoa sababu zinazofanya kihariri cha madirisha kisifae kuwa root. Isitoshe, KDE haikukataa kwa ajali. Ilikataa kwa kuandika sharti ndani ya msimbo. Na pkexec, zana iliyokuja mwaka 2009 na polkit, mfumo wa kuamua nani aruhusiwe kitendo gani, tangu mwanzo haikupitisha anwani ya onyesho kwa programu inayoiendesha, isipokuwa mwenye programu ameomba hivyo katika faili la sera. Pkexec gedit ilishindwa kufunguka hata kwenye X tupu, muda mrefu kabla ya Wayland kufika kwa watu. Makundi matatu tofauti, kwa sababu tofauti, yalifika penye ukuta mmoja.

Pingamizi zito zaidi ni la uhuru. Programu huria zinajivunia kumwacha mwenye kompyuta atawale, na kihariri kinachomkataa mwenyewe kinaonekana kuvunja ahadi hiyo. Ninaliheshimu pingamizi hili, na kwa Kate ninaliona lina uzito: mtu aliyeingia moja kwa moja kama root kwenye mashine ya majaribio, akijua afanyalo, hakustahili kufungiwa bila namna ya kupita. Ila wengi waliolalamika hawakuwa wakitaka Kate iwe root. Walitaka kubadili mstari mmoja ndani ya /etc/default/grub. Uhuru wa kulibadili faili hilo haukuguswa; kilichoondolewa ni njia moja ya kulifikia, na ilikuwa njia mbaya. Wapo pia wanaosema kwamba mvamizi aliyekwisha kuidhibiti akaunti ya mtu anaweza kusubiri aandike sudo na kuiba nywila, kwa hiyo ukali wote huu ni wa bure. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni sahihi. Lakini mafaili ya nyumbani yaliyogeuka mali ya root hayakuhitaji mvamizi, na ulinzi unaomlazimu mwizi kusubiri na kutegesha ni bora kuliko ule unaomwachia terminali ya root wazi kwenye skrini.

Kuna pia wanaouliza kwa nini tuziamini zana mbadala ilhali nazo zimetoboka. Januari 2021 kampuni ya Qualys ilitangaza udhaifu ndani ya sudo uliokuwepo tangu Julai 2011, na njia ya kuufikia ilikuwa sudoedit yenyewe. Januari 2022 kampuni hiyohiyo ikatangaza udhaifu ndani ya pkexec uliokuwepo tangu Mei 2009. Kasoro zote mbili zilimwezesha mtu wa kawaida kuwa root. Ni aibu kubwa kwa zana za usalama. Lakini tazama mahali yalipokuwa mashimo hayo. Sudo na pkexec zote ni programu za setuid: huanza zikiwa na mamlaka yote, kisha husoma maneno yaliyoandikwa na mtu asiye na mamlaka. Udhaifu ulikaa hasa kwenye usomaji huo. Polkit katika sehemu zake nyingine hufanya kazi tofauti. Huduma iliyo tayari na mamlaka huiuliza kama mtu fulani aruhusiwe kitendo fulani, kama kubadili saa, na hakuna programu ya mtumiaji inayopandishwa cheo. Kwa hiyo mashimo ya 2021 na 2022 yanaishtaki ile alama ya Ritchie zaidi kuliko yanavyolishtaki wazo la kutenga kihariri na mamlaka. Kama programu ndogo zilizokaguliwa na wataalamu wa usalama zilikaa na kasoro kwa yapata miaka kumi au zaidi, gedit na msururu wote wa maktaba zake tungeiamini kwa msingi gani?

Lawama inayobaki ni ya waundaji, na ni ya kweli. Njia ya admin:// ya GNOME, inayofungua faili kwa kumwomba mtu nywila bila kukipa kihariri chenyewe mamlaka, iliingia mwaka 2016, lakini ujumbe wa kosa uliomkuta mtu kwenye terminali haukumtajia. Ulimwambia onyesho halifunguki, maneno yasiyomwonyesha pa kwenda. Kate ilianza kukataa kwanza, na baadaye ndipo watumiaji walipopata kihariri kinachoomba nywila wakati wa kuhifadhi tu. Katikati yake palikuwa na miezi ya watu kuhangaika na kutafuta njia za kukwepa, ambazo nyingi zilikuwa hatari kuliko ile ya mwanzo. Debian na Ubuntu ziliiondoa gksu mwaka 2018, wakati miongozo iliyoitaja bado ilikuwa ikisomwa kila siku. Programu inayokataa ombi la mtu ina wajibu wa kumwambia, katika sentensi hiyohiyo, afanyeje. Wajibu huo haukutimizwa, na ndiyo maana kukataa kulikokuwa sahihi kulichukuliwa kuwa ubovu.

Kwenye upande wa mfumo, safari ya kuiacha setuid imeanza. Toleo la 256 la systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, la Juni 2024, lilileta run0, ambayo haijipandishi cheo yenyewe. Huiomba systemd, ambayo tayari ina mamlaka, ianzishe amri inayotakiwa katika mazingira mapya yasiyorithi takriban chochote kutoka kwa aliyeomba. Kwa mtu anayetaka tu kuhariri faili la mfumo, zana inayohitajika, sudoedit, ipo tangu 2004: aweke SUDO_EDITOR kuwa "gedit --wait", kisha aandike sudoedit na jina la faili. Hilo neno la kusubiri ni la lazima. Bila hilo, gedit ikiwa tayari imefunguliwa hulipokea faili na kurudisha jibu papo hapo, sudo hudhani uhariri umekwisha bila badiliko, hufuta nakala, na kazi ya mtu hupotea. Mwongozo unaosema sudo gedit unaweza kurekebishwa kwa kuondoa herufi moja na nafasi moja, pamoja na kuongeza mstari huo mmoja wa maandalizi.